Barua kwa mwanangu anayekwenda kuigiza mrithi aliyepotea

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Baba yako anakusalimu, na anasema usiende mazoezini na njaa. Barua yako imenifurahisha mno. Tangu ulipoanza kupanda jukwaani nimekuwa nikingoja siku utakayopewa mhusika wa kukusumbua usingizi, na sasa umempata: mwigizaji asiye na mbele wala nyuma, anayefuatwa na mtu mwenye tamaa, anafundishwa jina, mwandiko na mwendo wa msichana tajiri aliyetoweka, kisha anapelekwa kwa bibi mzee kudai mirathi.

Umeniuliza swali moja, na nitalijibu kwa kirefu kwa sababu nimefundisha historia miaka mingi na jambo hili halijawahi kuniachia. Unauliza: mtu anawezaje kumdanganya bibi aliyemlea mtoto yule kwa mikono yake mwenyewe? Mwongozaji wako amekwambia siri iko katika vitu vidogo vidogo, yaani sauti, namna ya kushika kikombe, kovu la gotini. Vina nafasi yake. Lakini watu waliowahi kufanya haya katika maisha halisi, mbele ya mama wazazi, yaya na majaji, wengi wao hawakufanana hata kidogo na watu waliojidai kuwa. Walipita mlango mwingine, na mlango huo ndio nataka uujue kabla hujakariri mstari wa pili.

Nianze mbali. Mwaka 1290 mtoto wa kike wa miaka saba, Margaret, binti wa mfalme Eric wa Norway, alipandishwa melini kwenda Scotland, ambako alikuwa mrithi wa kiti cha enzi kupitia kwa mama yake. Alifia njiani, katika visiwa vya Orkney. Maiti yake ilirudishwa Bergen, baba yake akaitazama kwa macho yake, akazikwa kando ya mama yake. Miaka kumi baadaye, mfalme Eric akiwa ameshafariki, akashuka bandarini Bergen mwanamke aliyetoka Lübeck na kusema: mimi ndiye Margaret, sikufa, niliuzwa. Margaret wa kweli angekuwa na miaka kumi na saba hivi. Mwanamke huyu alionekana ana miaka kama arobaini, na kichwani ana mvi.

Hebu fikiria hapo. Mvi! Na bado watu walimwamini, tena wengi, wakiwemo mapadri. Mwaka 1301 alichomwa moto mahali panapoitwa Nordnes, mumewe akakatwa kichwa. Hata hivyo watu waliendelea kwenda pale kusali, kanisa dogo likajengwa, na karibu miaka ishirini baadaye askofu wa Bergen bado alikuwa anaandika barua za kuwakataza wasimheshimu kama shahidi wa dini. Umri wake kila mtu aliuona. Ila mfalme mpya, Haakon, alikuwa na maadui, na watu waliomchoka walihitaji binti wa marehemu awe hai. Mwanamke akashuka melini mahali pale pale palipokuwa na pengo.

Sasa nikupeleke kwa mama mmoja ambaye nimekuwa nikimfikiria kwa miaka, kwa sababu nami ni mama. Jina lake Lady Henriette Tichborne. Alilelewa Ufaransa, akaolewa katika familia ya Kiingereza yenye ardhi iliyoingiza zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka, utajiri mkubwa sana kwa zama zile. Mwanawe mkubwa, Roger, alizaliwa Paris mwaka 1829 na kukulia huko hadi karibu miaka kumi na sita, hivyo Kifaransa ndicho kilichokuwa kinywani mwake na Kiingereza alikizungumza kwa lafudhi. Alikuwa kijana mwembamba. Mwezi Aprili 1854 alipanda meli iitwayo Bella kutoka Rio de Janeiro, na meli hiyo haikuonekana tena. Mashua yake moja tu ilikutwa baharini, imepinduka.

Kila mtu alikubali kwamba Roger amekufa, isipokuwa mama yake. Alikwenda kwa mpiga ramli, akaambiwa mwanao yu hai. Mumewe alipofariki mwaka 1862 hakukuwa tena na mtu wa kumzuia, akaanza kutoa matangazo magazetini akimtafuta mwanawe na kuahidi zawadi. Tangazo lilifika hadi Australia. Katika mji wa Wagga Wagga kulikuwa na mchinjaji wa bucha, mwenye madeni, aliyejiita Thomas Castro. Wakili wa pale akaanza kumshuku kuwa ndiye bwana mkubwa aliyejificha, na mwaka 1866 yule mchinjaji akamwandikia Lady Tichborne kwamba yeye ndiye Roger.

Barua yake ilijaa makosa. Alitaja mambo ambayo mama hakuyatambua. Naye mama akawaandikia watu maneno ambayo mimi hushindwa kuyasoma kwa utulivu: kwamba maskini Roger wake anachanganya kila kitu kichwani kama mtu aliye ndotoni, na kwamba anaamini ni mwanawe ingawa maelezo yake hayalingani na ya mama mwenyewe. Hebu yasome tena, mwanangu. Ushahidi wa uongo umewekwa mezani mbele yake, na yeye anaufanyia kazi kwa mikono yake mpaka unageuka kuwa ushahidi wa mateso ya mwanawe.

Walikutana Paris, Januari 1867, hotelini. Na hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu hii ndiyo tamthilia yako yenyewe. Mtu yule hakusimama katikati ya chumba kumkumbatia mama. Alisema anaumwa, akajilaza kitandani, uso ameugeuza. Mama akamsogelea, akainama, akambusu, akasema amefanana na baba yake na masikio yake ni kama ya mjomba. Ikaisha. Mjomba! Uso haukumwambia kitu, akatafuta hadi akapata sikio, na sikio likatosha. Mwalimu wa zamani wa Roger, Chatillon, alimwona mtu huyo huyo huko huko Paris akasema huyu ni laghai. Alikuwa mnene wa kupindukia, na hapo baadaye, wakati wa kesi, uzito wake ulipita kilo 150. Kifaransa hakukijua kabisa. Mama akampangia pauni 1,000 kwa mwaka.

Mama alifariki mwaka 1868, na hapo tu ndipo mambo yalipoanza kumharibikia mchinjaji, kwa sababu mwamini wake mkuu alikuwa ameondoka. Kesi yake ya kudai mirathi ilianza kusikilizwa mwaka 1871. Wako waliomshuhudia kwa moyo safi kabisa, mmojawapo Andrew Bogle, mzee aliyezaliwa utumwani Jamaika na kuitumikia familia ile miaka mingi. Wananchi wa kawaida walinunua hati za kuchangia gharama zake, wakitarajia kulipwa atakapopata mali. Kilichomwangusha kilikuwa kitu kidogo: mtu aliyesoma na Roger alieleza mahakamani kwamba alimchora tatuu mkononi walipokuwa shuleni, na mkono wa mdai ulikuwa mtupu. Mwaka 1872 shauri lake likavunjika. Kisha akashtakiwa yeye kwa kula kiapo cha uongo, kesi iliyochukua siku 188, na mwaka 1874 akahukumiwa miaka 14 kwa jina la Arthur Orton, mtoto wa muuza nyama wa Wapping, London. Alipotoka gerezani mwaka 1884 alipandishwa kwenye majukwaa ya burudani na watu wakalipa kumtazama. Alikufa maskini mwaka 1898. Juu ya jeneza lake iliwekwa kadi yenye jina la Sir Roger Tichborne.

Kwa hiyo bibi yule wa tamthilia yako, usimwone kama mlinzi wa getini ambaye lazima umpite kwa ujanja. Amekuwa akikungoja. Kila utakapokosea yeye atakimbilia kukutengenezea. Ukikosea jina la mbwa wa utotoni, atasema homa ilikupotezea kumbukumbu. Kazi ya mhusika wako ni ngumu kuliko kudanganya: ni kukaa kimya huku mwanamke mzee anajenga uongo badala yako, na wewe unamwona anavyoujenga.

Kuhusu kukaa kimya, hakuna aliyekuwa na kipaji kama msichana wa Berlin. Naona umemtaja kwenye barua kama "yule Anastasia". Nikueleze vizuri, maana habari zake zimechafuliwa na mapambo mengi.

Februari 1920 mwanamke kijana alijitupa kutoka darajani katika mfereji wa Landwehr, Berlin. Polisi alimwopoa. Hakutaja jina, hakueleza ametoka wapi. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dalldorf, akaandikishwa kama bibie asiyejulikana, akakaa humo miaka miwili akilala ameugeukia ukuta au amejifunika blanketi usoni. Mwilini alikuwa na makovu. Hakudai lolote. Huko Urusi, usiku wa kuamkia Julai 17, 1918, Tsar (yaani mfalme) Nicholas, mkewe na watoto wao watano walikuwa wameuawa katika nyumba moja mjini Yekaterinburg, lakini habari za vifo vya watoto zilikuwa zimefichwa, na Ulaya nzima ilijaa uvumi kwamba binti mmoja alitoroka. Mwaka 1921 gazeti la picha la Berlin lilichapisha picha ya mabinti wa Tsar. Mgonjwa mwenzake mle hospitalini, Clara Peuthert, akaitazama picha, akamtazama jirani yake, akaamua: huyu ni Tatiana.

Angalia nani alianza. Hakuanza yeye.

Machi 1922 akaletwa Baroness Sophie Buxhoeveden, aliyekuwa amewahudumia mabinti wale ikulu. Msichana akajificha chini ya blanketi. Baroness akamtazama akasema ni mfupi mno, hawezi kuwa Tatiana. Baadaye msichana alijibu kwamba yeye hakuwahi kusema ni Tatiana. Ni kweli, hakusema. Katika dada wale wanne alikuwepo mmoja aliyekuwa mfupi, Anastasia, na taratibu jina hilo likaja kumkalia. Alipotoka hospitalini alichukuliwa na mkimbizi wa Kirusi, Baron von Kleist, kisha akahamia nyumba nyingine, kisha nyingine. Kwa miaka mingi aliishi katika nyumba za watu walioamini.

Jambo la Kirusi lilikuwa kubwa. Watu walimsemesha Kirusi, ikaonekana anaelewa, lakini hujibu kwa Kijerumani. Waliomkataa walisema ni kwa sababu hajui. Waliomwamini walisema: mtoto aliyeona wazazi wake wakiuawa na watu wanaosema lugha hiyo angewezaje kuitamka tena? Unaona? Jibu hili halikutoka kwake. Waamini wake ndio waliolitunga, na ni jibu zuri kuliko lolote ambalo mwigizaji angeweza kuandikiwa.

Mwaka 1925 alikuwa mgonjwa sana, mkono umeoza kwa kifua kikuu. Akaja Alexandra Tegleva, aliyekuwa yaya wa Anastasia, pamoja na mumewe Pierre Gilliard, mwalimu wa Kifaransa wa watoto wale. Yaya akaomba kuiona miguu ya mgonjwa. Vidole gumba vilikuwa vimepinda kama vile alivyovijua yeye. Nawaza yule mama akiwa ameinama juu ya miguu ile aliyoamini kwamba aliwahi kuiosha. Mwezi Oktoba akaja Olga Alexandrovna, shangazi yake Anastasia. Alikaa naye, akalia, na alipoondoka akamtumia barua fupi fupi za upendo na shali. Miezi michache baadaye Olga na Gilliard wote wakamkana hadharani, na Olga alisema aliandika kwa huruma tu. Mimi nadhani alisema kweli, na pia nadhani huruma ile ilikuwa na tumaini ndani yake, maana hakuna anayemtumia mgeni shali bila kutaka kitu moyoni. Bibi mwenyewe, mama yake Tsar, hakukubali hata kumwona, akafariki mwaka 1928. Kwa upande mwingine Gleb na Tatiana, watoto wa daktari Botkin aliyeuawa pamoja na familia ile, walimtambua kabisa na Gleb alimtetea hadi kufa. Watoto hao walikuwa wamempoteza baba usiku ule ule.

Mwaka 1928 alikwenda Marekani, ambako mpiga piano Sergei Rachmaninoff alimlipia hoteli kwa muda, na akiwa huko akaanza kutumia jina la Anna Anderson. Kulikuwa na uvumi wa fedha za Tsar zilizofichwa katika benki ya Uingereza, fedha ambazo hazijaonekana hadi leo. Shauri la mirathi lilifunguliwa Ujerumani mwaka 1938, likasimama kwa sababu ya vita, likaendelea, likakatiwa rufaa, na likamalizika mwaka 1970 mjini Karlsruhe kwa uamuzi wa ajabu: haikuthibitika kwamba ni Anastasia, wala haikuthibitika kwamba siye. Miaka thelathini na miwili, wataalamu wa masikio na wa mwandiko, na majaji wakabaki mikono mitupu.

Alikufa Virginia, Februari 1984, akiwa mke wa Mmarekani aliyeitwa John Manahan, akachomwa na kuwa majivu. Lakini mwaka 1979 alikuwa amefanyiwa upasuaji, na hospitali ikawa imehifadhi kipande kidogo cha utumbo wake. Mwaka 1994 maabara nchini Uingereza ikalinganisha vinasaba vya kipande hicho na damu ya Prince Philip, ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa dada wa mke wa Tsar. Havikulingana. Vikalingana na vya jamaa wa ukoo wa kike wa mfanyakazi wa kiwandani aliyeitwa Franziska Schanzkowska. Na kaburi la familia ya Tsar, lililofukuliwa mwaka 1991 likiwa na pungufu ya maiti mbili, lilikamilika mwaka 2007 mifupa ya wawili wale ilipopatikana jirani na hapo. Hakuna binti aliyetoroka. Anastasia aliuawa akiwa na miaka kumi na saba.

Wengi husimulia hadi hapo, wakasema "basi, alikuwa tapeli", wakafunga kitabu. Mimi hapo ndipo ninapofungua. Nani alikuwa Franziska?

Alizaliwa mwaka 1896 katika familia ya wakulima wa Kipolandi. Alikwenda Berlin kutafuta kazi, na wakati wa vita vya kwanza vya dunia alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha silaha. Mchumba wake aliuawa vitani. Mwaka 1916 guruneti lilimponyoka mkononi kiwandani, likalipuka, likamuua msimamizi aliyekuwa karibu naye, nalo likamjeruhi yeye kichwani na sehemu nyingine za mwili. Ndiyo makovu yale. Akachanganyikiwa, akalazwa hospitali za wagonjwa wa akili. Mapema mwaka 1920 akatoweka kutoka chumba alichopanga Berlin. Wiki hizo hizo mwanamke asiye na jina akatolewa majini.

Jina lake halikugunduliwa na vinasaba. Mpelelezi Martin Knopf alilitaja tangu mwaka 1927, na binti wa mwenye nyumba alikopanga Franziska alimtambua. Mwaka ule ule kaka yake, Felix, aliletwa kumwona. Alikiri kwamba wanafanana sana, lakini akakataa kutia saini kwamba ni dada yake. Mwaka 1938 wakaletwa ndugu wanne, huko Hanover. Mmoja tu, Gertrude, ndiye aliyepaza sauti na kushikilia: wewe ni dada yangu, nakujua. Wenzake hawakuthibitisha. Wakaondoka, wakamwacha alivyo.

Nimelifikiria tukio hilo la Hanover mara nyingi kuliko kesi nzima. Katika chumba kile walikuwepo ndugu waliojua ukweli, au angalau walioushuku kwa nguvu, na naamini walitazama nguo zake, watu waliomzunguka na heshima aliyopewa, wakakumbuka kijiji, wodi na lile guruneti. Na mmoja akapiga kelele kwa sababu alimtaka dada yake. Dunia nzima ilikuwa ikimtafuta binti wa Tsar, na katika dunia hiyo hiyo Gertrude alikuwa mtu pekee aliyekuwa anamtafuta Franziska, naye Franziska alikuwa amekaa mbele yake, akimtazama kama mgeni.

Hapo ndipo mhusika wako alipo. Umeandika kwamba unaona shida kumfanya mtazamaji ampende mwongo. Mtafute yule mwingine aliyepotea. Muswada wako unasema msichana tajiri ametoweka na jamaa zake wanamlilia. Sawa, lakini mwigizaji naye, siku anapovaa jina lile, anatoweka. Nani analia kwa ajili yake? Ana mama? Ana Gertrude wake mahali? Kama mwandishi hakuweka, weka wewe kichwani mwako, umpe jina na sura, na kila bibi mzee anapokuita kwa jina la mjukuu wake, wewe usikie la kwako likizidi kwenda mbali.

Uliniomba pia mifano ya walioigiza vizuri kwa ufundi, kwa hiyo nikupe mmoja wa haraka. Aprili 1817, katika kijiji cha Almondsbury, Uingereza, alitokea mwanamke mwenye kilemba aliyesema lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Akakaribishwa nyumbani kwa hakimu Samuel Worrall. Alilala sakafuni, akapiga upinde, akasali kwa namna yake. Akatokea baharia Mreno, Manuel Eynesso, akasema anaielewa lugha hiyo vizuri, na akatafsiri: ni binti mfalme Caraboo wa kisiwa cha mbali, alitekwa na maharamia akaruka baharini. Lugha yenyewe ilikuwa ya kubuni! Alikuwa Mary Baker, binti wa fundi viatu wa Devon, na aliumbuka pale mama mmoja aliyewahi kumpangisha chumba alipomtambua kutokana na maelezo ya gazetini. Huyu muige kwa mwili: mgongo, macho, namna ya kukataa chakula. Lakini hata kwake, tazama, hadithi nzuri kuliko zote ilitoka kwa mtu mwingine.

Kuna jambo moja nina wasiwasi nalo katika muswada, na naomba uliongee na mwongozaji wako kwa adabu. Kwa jinsi ulivyonisimulia, msichana aliyetoweka hana nafasi yoyote. Ni jina, picha ukutani na hati ya mirathi. Watu wa aina hiyo walikuwepo kweli, na waliumia. Dorothy Arnold wa New York alikuwa na miaka ishirini na mitano. Desemba 12, 1910 alitoka nyumbani akisema anakwenda kutafuta gauni, akanunua chokoleti nusu ratili, akanunua kitabu cha hadithi za kuchekesha, akakutana na rafiki yake nje ya duka la vitabu wakaongea na kucheka, akasema atarudi nyumbani kwa miguu kupitia Central Park. Hakuonekana tena. Baba yake, mfanyabiashara wa manukato, aliogopa aibu ya magazeti, akatumia wakili na wapelelezi binafsi, na wiki sita zikapita kabla habari haijatangazwa. Wiki sita, mwanangu! Alipokufa mwaka 1922, wosia wake haukumwachia Dorothy kitu. Alieleza ndani yake kwamba ameridhika kuwa binti yake hayupo hai.

Nakupa habari za Dorothy kwa sababu ya ile chokoleti na kile kitabu. Msichana wa muswada wako naye alinunua kitu siku ile. Alikuwa na jambo la kumchekesha, alikuwa na gauni alilolitaka. Mwigizaji aliyefundishwa kuwa yeye amekariri yote hayo kwenye karatasi kama orodha, na naamini lazima ifike dakika, labda katika onyesho la pili, pale anapovaa viatu vya yule aliyetoweka au anaposoma barua yake, ambapo anatambua kwamba huyu alikuwa mtu. Kuanzia hapo hawezi tena kuigiza vizuri. Mikono itaanza kukosea. Na bibi mzee ataanza kumpenda zaidi kwa kukosea huko, na hiyo ndiyo sehemu ya kutisha kuliko zote katika hadithi nzima, kwa maoni yangu.

Mambo mawili ya vitendo, kisha nikuache ukapumzike. Kwanza, lile tukio la bibi kukutambua: jaribu kumwomba mwongozaji akuruhusu ukae, hata ulale, huku umeupa mgongo ukumbi, usisimame ukiwatazama watu. Wacha mwenzako anayecheza bibi ndiye aonekane uso. Tukio ni lake. Pili, pale muswada unapotaka ulie, jaribu angalau jioni moja mazoezini usilie. Wale niliokusimulia hawakulia sana. Waliowazunguka ndio waliolia.

Niandikie uniambie mwongozaji amesemaje kuhusu yule msichana aliyetoweka, kama atakubali angalau barua yake moja isomwe kwa sauti. Na unitumie tarehe ya onyesho la kwanza mapema, baba yako anataka kununua tiketi za mstari wa mbele na mimi namwambia tukae katikati, ambako sauti inasikika vizuri zaidi.

Mama yako akupendaye